Maji Niliyowachemshia Ninyi Peke Yenu

Mwanangu Tusekile,

Tumekaa pamoja jioni nzima na sikusema neno la maana. Ulikuwa unakunja nguo zako, na mimi nakunja tena zile ulizokwisha kukunja, mpaka ukacheka ukasema, "Juba, mama yangu, nguo zitachakaa kabla sijafika Mbeya." Nikacheka nawe. Lakini kila nilipofungua mdomo kusema nililotaka kukuambia, yalitoka maneno ya viatu na ya sabuni. Sasa umelala, na ulimi umenishinda. Ngoja nijaribu kwa kalamu.

Habari za kuchunga mizigo kwenye basi na kuchagua marafiki, shangazi yako amezimaliza. Sina la kuongeza. Mimi nina jambo moja tu, na ni refu.

Unakwenda kusomea ubibi afya. Tangu jina lako litoke, watu wananisimamisha njiani kunipongeza. "Mtoto amefuata nyayo za mama yake," wanasema. Nami huitikia asante, "ndaga, ndaga," huku natazama chini. Wanadhani ni unyenyekevu. Mwanangu, ni aibu. Soma yote kabla hujakasirika, na ukikasirika baada ya kusoma, ni haki yako.

Nusu ya habari hii unaijua, kwa kuwa kijiji kizima kinaijua. Unajua vyoo vyetu vya kwanza vilichimbwa juu ya chemchemi, na kwamba mimi ndiye niliyesema vichimbwe pale. Unajua pia kwamba nilisimama mkutanoni nikakiri mbele ya wote. Siku hizi wanaisimulia kama sifa: Mama Tusekile alikuwa na moyo, alikiri mwenyewe. Hiyo nusu imenipatia heshima ambayo nimeivaa miaka yote hii kama nguo ya kuazima. Nusu nyingine hakuna aliyeijua ila mimi na baba yako, mpaka wiki iliyopita.

Zamani, kabla ya kijiji, kila mtu huku Suma alikaa ndani ya migomba yake. Kutoka nyumba moja hadi nyingine ulipita migomba, kahawa, na korongo katikati. Chemchemi yetu ilikuwa pale ilipo leo, chini ya mianzi, na bibi yako alinifundisha kuchota kwa kibuyu kidogo bila kugusa chini, ili tope lisiamke. Mwaka wa Uhuru nilikuwa msichana, na maji ya kupikia sherehe shuleni tuliyabeba kutoka hapo, tukiimba njia nzima.

Ilipokuja amri ya kuishi pamoja, nyumba zilipangwa kwenye mteremko ulio juu ya chemchemi, karibu na barabara. Familia nyingine zilitoka ng'ambo ya korongo, nyingine upande wa Masukulu. Wapo waliolia kuacha migomba yao. Mimi sikulia. Nilifurahi kweli. Shule ingekuwa karibu, zahanati ingekuja, na mimi niliyesoma mpaka darasa la nne nilipata watu wa kuwafundisha kusoma. Usidhani nawacheka watu wa siku zile. Tulibeba mawe ya shule vichwani na tuliamini kila jiwe.

Ndipo vikaja vikundi vya afya. Jioni tulikusanyika shuleni kusikiliza redio, kisha mimi nasoma kijitabu kwa sauti na watu wanajadili. Wakanichagua mwenyekiti wa afya wa kijiji. Tulipelekwa Tukuyu kwa semina, na bwana afya mmoja mrefu, mwenye sauti ya upole, akachora mlima ubaoni. Juu akaweka maji, chini akaweka choo. Akasema, "Mkisahau yote niliyowaambia, msisahau hili. Maji juu, choo chini." Tulirudia kwa pamoja kama watoto wa darasa la kwanza.

Kwa hiyo sikuweza kusema sikujua. Nilijua. Ndiyo maana habari hii ni ngumu.

Amri ilitoka kwamba kila nyumba iwe na choo kabla wageni wa wilaya hawajafika. Wanaume wakaanza kuchimba chini, mbali na chemchemi, kama nilivyowaelekeza. Lakini unajua kule chini kulivyo: udongo kidogo, halafu mwamba. Walipiga mitaimbo mpaka viganja vikachubuka, na shimo halikupita magoti. Kwenye mteremko wa juu, udongo ni ule wa majivu ya mlima, jembe linazama kama mwiko kwenye ugali. Wakaja kwangu wamelowa jasho. Baba Bupe, jirani yetu, ndiye aliyesema kwa niaba yao: "Mama Tusekile, wewe ndiye mwenyekiti. Tukiendelea hapa wageni watatukuta na mashimo ya kufukia kuku. Tuchimbe wapi?"

Walikuwa wananitegemea. Kijiji cha ng'ambo, tulisikia, kilikuwa kinakaribia kumaliza. Nikatazama mteremko, nikatazama chemchemi, nikaona nyuso zao.

"Chimbeni juu," nikasema. "Udongo wetu una majivu. Utachuja."

Hakuna aliyenifundisha maneno hayo. Si redio, si kijitabu, si yule bwana afya. Niliyatunga palepale, na yalipotoka yalisikika kama ya kitabuni. Wakashukuru wakaenda. Mwanangu, ukishasoma utapata uwezo huo wa kutoa maneno yanayosikika kama ya kitabuni. Watu waliochoka watakushukuru kwa hayo. Mimi nilishukuriwa, na nikalala vizuri.

Wageni walikuja. Walihesabu vyoo, wakafunua vifuniko, wakasifu majivu tuliyomwaga. Hakuna aliyeuliza maji tunachota wapi. Siwalaumu sana, karatasi yao iliuliza vingapi, haikuuliza wapi. Mkuu wao akanishika mkono mbele ya watu, akasema nitakwenda Mbeya kuwaeleza viongozi wa vijiji vingine jinsi tulivyofanya. Akina mama wakapiga vigelegele. Mama Bupe alipiga kuliko wote.

Kisha mvua. Mvua ya kwetu huijui kwa kuambiwa, umekulia ndani yake. Mwaka ule ilinyesha kana kwamba mbingu zimetoboka, na mashimo yakaanza kujaa maji kutoka chini. Asubuhi moja nilikwenda kuchota, nikaona ukingo ulio juu ya chemchemi unatoa jasho. Maji yalikuwa yanachuruzika kwenye mizizi ya nyasi, rangi yake kama chai isiyokolea, yakishuka taratibu kuelekea tunapochota. Niliinama, nikanusa. Sikuhitaji kumwita mtu.

Nilisimama pale muda. Nyuma yangu akina mama wengine walikuwa wanakuja na ndoo zao, wanacheka. Nikachota kama kila siku, nikawaamkia, nikapanda nyumbani. Nikafunga mlango, nikaweka maji yote motoni, nikayachemsha mpaka yakatokota sana. Tangu siku hiyo hamkunywa tone ambalo halijachemka, wewe na kaka yako. Ulikuwa mdogo, ukalalamika: "Juba, maji yananuka moshi." Nikakwambia kunywa, ni mazuri.

Baba yako aliporudi Jumamosi kutoka kiwanda cha chai, nilimwambia. Alivua buti lake moja akasahau kuvua la pili.

"Umewaambia watu?" akauliza.

"Bado."

"Kwa nini bado?"

"Safari ya Mbeya ni wiki ijayo. Nikisema leo, kijiji kizima kitaaibika. Nikirudi nitasema. Mvua yenyewe itapungua."

"Mke wangu," akasema, na huwa haniiti hivyo, "waambie basi wachemshe tu. Usiseme kwa nini."

Hata hilo, Tusekile. Hata hilo nililikataa. Nilimwambia nikisema wachemshe, watauliza kwa nini, na atakayeuliza wa kwanza atajibiwa na pua yake. Baba yako alinitazama, kisha akasema, "Basi mimi nitawaambia." Nikalia, nikamshika mkono, nikamwomba aniachie mpaka nirudi. Akaniachia. Alinipenda, na hilo limemsumbua mpaka leo. Ukiona hapendi kusikia nikisifiwa, usifikiri ni wivu.

Siku zile Mama Bupe alikuwa jirani wa ukuta. Moshi wa jikoni kwangu ulipita kwake. Siku moja akachungulia mlangoni akacheka: "Mama Tusekile, siku hizi unapika nini kutwa nzima?"

"Maharage," nikasema. "Haya ya mwaka huu magumu."

Wewe na Bupe wake mlikuwa hamwachani. Mlikuwa rika moja, mlifanana hata sauti, nikiwa jikoni sikujua nani anaita. Alipokuja kucheza nilimpa maji ya kwenye mtungi wetu. Nilimpa kikombe kimejaa, na moyo wangu ulipoa kidogo kila alipokunywa, kana kwamba nimefanya wema. Jioni alirudi kwao, akanywa ya kwao.

Nikaenda Mbeya. Nilimwachia shangazi yako maagizo ya kuchemsha, nikamwambia una tumbo bovu. Nilivaa kitenge kipya. Nikasimama mbele ya ukumbi uliojaa, nikaeleza vyoo vyetu, tulivyogawana kazi, tulivyoimba. Mama mmoja wa makamo, mwenyeji wa bonde sijui lipi, akanyoosha mkono akauliza, "Ndugu, na maji yenu? Mnachota juu ya vyoo au chini?"

Ilikuwa nafasi. Mungu hakupi nafasi nzuri zaidi ya hiyo: umbali, watu usiowajua, swali lililonyooka.

"Tumezingatia yote," nikajibu.

Wakapiga makofi. Yule mama akaketi. Mpaka leo sijui alirudi kwao akachimba wapi, na watu wa kijiji chake walikunywa nini. Katika mambo yote ninayoyakumbuka, huyo ndiye ninayeshindwa kumfuata hata kwa mawazo.

Niliporudi nilisikia kilio cha mtoto kabla sijafika kwetu. Bupe alikuwa anahara damu. Si yeye peke yake, watoto wengi walikuwa wameugua, ila yeye alikuwa amelegea kabisa. Tukamweka kwenye machela ya mianzi, wanaume wanapokezana, mimi na Mama Bupe nyuma tumeshika mwavuli mmoja. Mvua ilikuwa inatupiga mpaka Tukuyu. Hospitalini daktari alimpokea mara moja, akamwekea maji ya mshipani. Akamgeukia mama yake.

"Mama, mnakunywa maji ya wapi?"

"Ya chemchemi, daktari."

"Mnachemsha?"

"Hatuchemshi. Yetu ni safi." Akanigusa bega. "Huyu ni mwenyekiti wetu wa afya. Kijiji chetu kimesifiwa mpaka Mbeya."

Daktari akanitazama, akingoja niseme. Nikasema, "Tutaanza kuchemsha."

Bupe hakufika jioni ya siku iliyofuata. Unayakumbuka maziko yake, nadhani. Ulikuwa unauliza atatoka lini.

Wengine walipona, kwa rehema za Kyala, Mungu wetu. Lakini watu walitaka kujua nini kimetokea, na pasipo na jibu huwa panapatikana mtu. Mkutano ukaitwa. Mmoja akasema ugonjwa umekuja na wale waliotoka Masukulu, wanafua nguo za wagonjwa juu ya maji. Mwingine akaongeza. Mwisho mzee mmoja akasema, "Warudi walikotoka." Walikuwa wamekaa upande wa nyuma, wake kwa waume. Nilimwona mama mmoja wao anamvuta mtoto wake karibu na magoti yake.

Hapo nikasimama. Nikasema ni vyoo. Nikasema nilijua tangu siku ya kwanza kwamba havikupaswa kuwa pale, na maneno ya udongo kuchuja niliyatunga. Baba Bupe akatoka nje. Watu wakanikemea, wengine wakalia. Nikavuliwa uenyekiti palepale, na ilikuwa haki. Bwana afya alikuja, tukafukia mashimo yote, tukaacha chemchemi ipumzike, tukawa tunateka mbali mtoni na kuchemsha. Vyoo vipya tulichimba chini, mwambani. Ilituchukua msimu mzima. Nilishika mtaimbo na wanaume.

Lakini sikusema kwamba nilikuwa nachemsha. Nilisema nilikosea, sikusema nilijiokoa. Hayo ni mambo mawili, mwanangu, na nimejifunza jinsi la kwanza linavyoweza kutumika kulificha la pili. Mtu anaweza kutubu kwa sauti kubwa ili asiulizwe zaidi.

Kilichonimaliza ni kwamba baada ya mkutano Mama Bupe alikuja. Macho yamevimba. Akanishika mikono akasema, "Ndaga, Mama Tusekile. Mwingine angenyamaza, wale wenzetu wangefukuzwa bure." Na tangu hapo amekupenda wewe kama wake. Ndiye aliyekusuka nywele kila Jumamosi. Hakuna aliyethubutu kumwita kwa jina la mtoto mwingine, ingawa alizaa tena. Bado ni Mama Bupe. Kila nilipomwita, nilikuwa nalitaja jina la marehemu.

Jina lako lilipotoka la kwenda chuo, alicheza barazani kwetu. Usiku ule sikulala. Nikaona siwezi kukuacha uende kufundisha watu habari za maji, ukiwa umebebwa na pongezi za mwanamke niliyemdanganya. Wiki iliyopita nikaenda kwake. Alikuwa anaanika kahawa kwenye jamvi. Nikachuchumaa, nikaanza kumsaidia kutandaza, kisha nikamwambia yote. Ukingo uliotoa jasho. Maji niliyochemsha. Baba yako. Mbeya.

Hakuacha kutandaza. Alizipanga zile punje mpaka ncha ya jamvi. Nikafikiri hajasikia.

"Uliniambia maharage," akasema.

"Ndiyo."

"Tusekile alikunywa ya kuchemka."

"Ndiyo."

Akakaa chini. Akautazama ukuta wa jiko lake, pale anapopanga kuni.

"Kuni nilikuwa nazo, Mama Tusekile," akasema. "Ungeniambia tu. Kuni nilikuwa nazo."

Nilingoja anitukane, anipige. Alisema tu, taratibu, "Nenda kwako. Usije hapa mpaka nikuite." Nikaenda. Hajaniita. Ndiyo maana hujamwona siku hizi, na ndiyo maana nilikudanganya kwamba anaumwa mgongo. Hata huo ulikuwa uongo, naufuta hapa.

Sasa unajua. Usibebe kosa hili, si lako. Ulikuwa mtoto, ulikunywa ulichopewa, ukakua, na mimi sijutii hata siku moja kwamba ulikua. Hapo ndipo aibu yangu inaponishinda: nikijaribu kujutia kwamba niliwachemshia ninyi, moyo unakataa. Ninachojuta ni mlango niliofunga kabla ya kuwasha moto.

Utapewa kazi, Tusekile. Utatumwa vijijini na karatasi zinazouliza vingapi. Watakuja watu wamelowa jasho, watakuuliza tuchimbe wapi, na gari la wakubwa litakuwa njiani. Sikuambii useme nini. Utakuwa umesoma kuliko mimi. Ila ukijikuta umeanza kuyachemsha ya kwako, ujue umekwisha kupata jibu, na toka nje uwaambie wenzako kabla hayajapoa.

Kesho basi linasimama pale njia panda, karibu na anakokaa Mama Bupe siku hizi. Baba yako atabeba sanduku. Mimi nitakusindikiza mpaka kwenye migomba ya mwisho, nisimame hapo. Mama Bupe amenikataza kufika kwake na nitatii. Wewe pita mlangoni kwake. Akitoka, mpe mikono yote miwili, mwache akutazame anavyotaka, hata kama atalia, hata kama hatasema kitu. Usiniombee msamaha, usitaje jina langu. Asipotoka, usibishe hodi. Simama kidogo hapo nje akuone dirishani jinsi ulivyo mkubwa, kisha upande basi.

Mama yako